Maji ya Usangu, Taa za Mjini

Ukitoka Mbeya mjini kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, baada ya kilomita zipatazo 80 unafika Chimala. Upande wa kusini milima ya Kipengere imesimama wima, na barabara ya Matamba inaipanda kwa kona zake 57 kuelekea Kitulo. Upande wa kaskazini bonde la Usangu limelala tambarare, mpunga mpaka macho yanapoishia. Mto Chimala unashuka kutoka milimani na kuungana bondeni na Ruaha Mkuu. Hapo maji yanakutana na ya Mto Kimani, Mbarali, Ndembera na mito midogo isiyo na idadi, yanatuama katika kinamasi cha Ihefu, kisha yanatoka Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Safari haiishii hapo. Maji yanayonusurika jua, mifereji na mashamba yanafika Mtera, yanateremka Kidatu, yanaingia Rufiji na kulifikia Bwawa la Julius Nyerere kabla ya kumwagika Bahari ya Hindi. Njiani yanazungusha mitambo ya umeme mara tatu. 

Kwa hiyo historia ya umeme wa Nyanda za Juu Kusini, na historia ya bei yake, ni historia ya maji haya. Nchi ilianza kwa kuchukua nguvu ya mto. Ikafuata kuwalaumu watu wa mto pale taa zilipozimika mjini. Mwisho kabisa ndipo ilipowapelekea umeme wenyewe. Mpangilio huo haukuwa bahati mbaya, na kuueleza vizuri ni kuanza kuurekebisha.

Umeme ulimfuata mwenye fedha

Wajerumani walileta umeme Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na nyumba za wakubwa wa serikali. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, yalianzishwa makampuni mawili binafsi, DARESCO na TANESCO. Mwaka 1936 maporomoko ya Pangani yalianza kuzalisha umeme, na nyaya zake zikaelekea kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Kampuni ilijenga pale ambapo mteja mkubwa alikuwa anasubiri kulipa.

Kusini hakukuwa na mteja wa aina hiyo. Miji ya Mbeya na Iringa iliwashwa kwa mitambo midogo ya maji na majenereta ya dizeli, na dizeli hiyo ilisafirishwa kwa malori mamia ya kilomita kutoka pwani. Gharama yake ilitosha kuwaweka nje wananchi wote isipokuwa wachache. Vijijini waliokuwa na taa walikuwa wamisionari. Milima ya Makete na Njombe ina mito inayoporomoka mwaka mzima, nao walijifunza mapema kuitumia: hospitali za Ikonda na Bulongwa ziliendeshwa kwa mitambo midogo ya maji, na Uwemba karibu na Njombe ilipata mtambo wake. Mhandisi yeyote aliyezitembelea angeona kwamba umeme wa maji haukuhitaji mji mkubwa. Ulihitaji mto, bomba la chuma na mtu wa kuutunza.

Baada ya Uhuru serikali ilinunua hisa katika makampuni hayo mawili mwaka 1964, yakaunganishwa kwa jina la TANESCO, na kufikia 1975 shirika zima lilikuwa mali ya umma. Tangu hapo swali la nani apate umeme lilikuwa la taifa, na bei yake ikawa jambo la siasa.

Ruaha inafungwa

Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walilichunguza bonde lote la Rufiji katika miaka ya 1950. Ripoti yao ya mwaka 1961 iliona katika mito hiyo mambo mawili kwa pamoja: mashamba makubwa ya umwagiliaji juu, na mabwawa ya umeme chini. Yote mawili yalijengwa, yakitegemea maji yaleyale.

Chini, kituo cha umeme cha Kidatu kilianza mwaka 1975 kikiwa na megawati 100, kwa fedha za Benki ya Dunia na Sweden. Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo, kwa hiyo lilihitaji ghala la maji juu yake. Ghala hilo ni Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, lililokamilika kuelekea 1980 na ambalo likijaa hufunika takriban kilomita za mraba 600. Kwa msaada wa Mtera, Kidatu ilifikishwa megawati 204. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Kwa miaka mingi vituo hivyo viwili vilikuwa uti wa mgongo wa gridi ya taifa: viwanda vya Dar es Salaam, na hata taa za Unguja zilizounganishwa kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, vilitegemea mvua iliyonyesha milima ya Kipengere na Uporoto.

Juu, Usangu ilikuwa inageuka kuwa ghala la mchele. Wabaluchi wa Rujewa walikuwa wamelima mpunga wa mifereji tangu enzi za Waingereza. Miaka ya 1970 Wachina walijenga shamba la Mbarali, lenye hekta zipatazo 3,200, likaendeshwa na shirika la umma la NAFCO. Kapunga ikafuata, karibu na Chimala. Pembeni mwa mashamba hayo makubwa wakulima wadogo walichimba mifereji yao. Wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarabaig walihamia na ng'ombe wao, wakifuata nyasi za kinamasi. Vijiji vilivyokuwa vya Wasangu wa Mtemi Merere vikawa vya makabila mengi.

Umeme wenyewe ulirudi kusini katikati ya miaka ya 1980, ulipojengwa msongo wa kilovoti 220 kutoka Kidatu kupitia Iringa na Mufindi hadi Mbeya. Ulikuja kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo, mashamba ya chai ya Mufindi na kiwanda cha saruji cha Mbeya. Nguzo zake za chuma zilivuka Usangu. Lakini umeme wa kilovoti 220 hauwezi kuingizwa nyumbani kwa kuunganisha waya tu. Lazima upite kwenye kituo cha kupozea, ushushwe kuwa kilovoti 33, usambazwe kwa laini ndogo, kisha transfoma iushushe tena hadi kiwango cha taa. Kila hatua ina gharama, na gharama hiyo hailipwi na kijiji cha watu wanaouza magunia machache ya mpunga kwa mwaka. Chini ya ardhi, sambamba na barabara, bomba la TAZAMA lilikuwa linapeleka mafuta Zambia tangu 1968. Nishati ilipita Usangu juu na chini, na nyumba nyingi ziliwasha koroboi.

Giza na lawama

Mwaka 1992 maji ya Mtera yalishuka na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mgao ukarudi katikati ya muongo huo. Tangu 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa ndani ya hifadhi kila kiangazi, jambo ambalo watu wa eneo hilo hawakulizoea. Viboko walibanana kwenye vidimbwi vya mwisho, na picha zao zikasambaa duniani.

Mambo hayo mawili, giza la mjini na mto mkavu wa hifadhini, yalichanganywa yakawa hadithi moja: wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu wamemaliza maji, ndiyo maana Dar es Salaam haina umeme. Hadithi hiyo ilikuwa rahisi kusimulia, ikaaminiwa na wengi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mjini London kwamba kufikia 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima.

Watafiti waliofanya kazi Usangu kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na 2005 walipima mito, mifereji na mabwawa, wakatoa picha nyingine. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na maji machache ya kiangazi. Mifereji iliyofunguliwa Septemba na Oktoba iliukausha mto hifadhini kweli, na hilo ni tatizo halisi linalohitaji dawa. Lakini maji hayo ya kiangazi ni sehemu ndogo mno ya yanayojaza bwawa. Upungufu wa umeme ulihusiana zaidi na ukame wenyewe, na jinsi mabwawa yalivyoendeshwa: maji yaliachiliwa Mtera hata pale mito inayoingia kati ya Mtera na Kidatu ilipokuwa inatosha kulisha Kidatu, na ghala likakutwa tupu msimu mbaya ulipofika.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Ikiwa kosa ni la mkulima, dawa ni kumwondoa. Ikiwa kosa ni la uendeshaji, dawa ni kusoma vipimo na kupanga maji. Nchi ilichagua dawa ya kwanza. Ukame ulipobana tena mwaka 2006, na Mtera ikashuka kuelekea mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho chini yake mitambo haipaswi kuzungushwa, serikali iliamua kuwahamisha wafugaji kutoka Ihefu. Maelfu ya watu waliswaga mifugo yao kwenda Lindi na kwingineko, wengi wakipoteza ng'ombe njiani. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, eneo la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, na vijiji ambamo watu walikuwa wamezaliwa na kuzikana vikajikuta ndani ya mipaka. Mgogoro huo haukuisha. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuviondoa vijiji vitano vya Mbarali.

Kinamasi kinahitaji kulindwa. Bila Ihefu hakuna mto wa kiangazi. Lakini watu walioondolewa kwa jina la umeme walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wasiokuwa na umeme.

Bei ya haraka

Wakati Usangu inalaumiwa, bei ya umeme ilikuwa inaamuliwa kwingine. Mabwawa yaliposhindwa, serikali ilikimbilia mitambo ya mafuta na gesi kwa mikataba iliyosainiwa kwa pupa. Mkataba wa kampuni ya IPTL wa mwaka 1995, wa megawati 100 za mafuta mazito huko Tegeta, uliibana TANESCO kulipia uwezo wa mtambo kila mwezi, uwe umezalisha au haukuzalisha. Mtambo ulianza kazi mwaka 2002 baada ya mashauri marefu, na fedha zake zikazaa kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014.

Mwaka 2006, mwaka uleule wa Ihefu, kampuni ya Richmond ilipewa zabuni ya umeme wa dharura ambao haikuweza kuuleta. Kamati teule ya Bunge iliongozwa na mtu wa kusini, Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Ripoti yake ilisababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008.

Gharama za mitambo ya dharura zilimfikia kila mwenye mita ya LUKU, inayolipiwa kabla ya matumizi. Januari 2012 bei ilipanda kwa asilimia 40.29, na Januari 2014 kwa asilimia 39.19. Mteja mdogo kabisa wa nyumbani, aliyekuwa akilipa shilingi 60 kwa uniti, alianza kulipa shilingi 100. Hata asiye na umeme aliguswa: mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na chupa ya koroboi ikapanda bei. Kijiji kilicholaumiwa kwa giza la mjini kikaongezewa gharama ya giza lake chenyewe.

EWURA, mamlaka inayopanga bei, ilizipunguza kidogo Aprili 2016. Mwishoni mwa mwaka huo iliidhinisha nyongeza ya asilimia 8.53, lakini ilisimamishwa kabla ya kuanza, na Rais John Magufuli akamwondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Bei za 2016 zikabaki kwa miaka iliyofuata. Mwananchi alipata nafuu ya kweli. Shirika nalo liliendelea kuuza baadhi ya uniti chini ya gharama ya kuzizalisha, na pengo hilo hujazwa na hazina au huonekana kwenye nguzo zilizooza na transfoma zinazoungua.

Nguzo zinafika

Mabadiliko makubwa vijijini yalianza na sheria. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi Oktoba 2007. Wakati huo Mtanzania mmoja tu kati ya kumi alikuwa na umeme, na vijijini ni kama wawili kati ya mia. Fedha za REA zilitoka kwa wahisani, bajeti ya serikali na chanzo kimoja cha nyumbani chenye maana kubwa: tozo ya asilimia 3 kwenye kila uniti inayouzwa. Aliyekwisha kupata umeme akamchangia asiyenao.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa gharama ya kuunganishwa. Hadi 2012 mteja wa karibu na nguzo alilipa zaidi ya shilingi 455,000. Januari 2013 gharama hiyo ilishushwa vijijini hadi 177,000, na chini ya miradi ya REA ikawa 27,000 tu. Pamoja na wayaringi wa ndani, familia iliyouza mpunga vizuri iliweza kuzimudu. Kadiri nguzo zilivyosambaa, mashine za kukoboa za dizeli zilianza kuachia nafasi za umeme, welda na seremala wakapata kazi, na zahanati zikaweza kutunza chanjo bila kutegemea mitungi ya gesi. Kufikia 2025 serikali ilitangaza kuwa umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kazi iliyobaki ni vitongoji, maana kijiji huhesabiwa kimefikiwa hata nguzo zikiishia shuleni na sokoni.

Bei nayo ina daraja zake. Kwa bei za 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya REA ya 3 na ya EWURA ya 1, inakuwa 122. Anayezidi hapo huingia kwenye shilingi 350, au huhamishiwa daraja la kawaida la shilingi 292. Kwa hiyo aliyenunua jokofu ili auze maji baridi na juisi hujikuta analipa karibu mara tatu. Mpango huo unamlinda mnyonge wa taa tatu na redio, lakini unamchelewesha anayetaka umeme umzalishie kipato. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, na wengi hudhani bei ya umeme imepanda.

Wazalishaji wadogo wa milimani

TANESCO haikubaki peke yake. Njombe, kampuni ya TANWAT ya miwati huzalisha umeme kwa mabaki ya miti tangu 1995 na kuiuzia TANESCO ziada. Sheria ya Umeme ya 2008 na taratibu zilizofuata zilifungua mlango kwa wengine. Mwaka 2012 mtambo wa Mwenga wa megawati 4 ulianza kazi Mufindi. Uliuza umeme kwa kampuni ya chai na kwa gridi, tena ukajenga mtandao wake wa kuwafikia wanavijiji moja kwa moja. Baadaye uliongeza mitambo ya upepo, kwa sababu upepo wa Mufindi huvuma zaidi kiangazi, wakati mto umepungua. Ludewa, mradi wa LUMAMA uliwapa vijiji umeme wa maji unaosimamiwa na watumiaji wenyewe, na Matembwe kampuni ya kijiji ilikuwa imetangulia kufanya hivyo.

Wazalishaji hawa wanaonyesha ukweli mgumu kuhusu bei. Mtambo mdogo unaohudumia mamia ya nyumba hauwezi kuuza uniti kwa bei ya gridi kubwa bila ruzuku. Mwaka 2020 serikali ilipowaagiza wenye mitandao midogo binafsi kuuza kwa bei ya TANESCO, wananchi walifurahi kwa haki, na wawekezaji wengi wakasita. Usawa wa bei kati ya kijiji na mji ni jambo jema, ila lazima mtu atajwe wa kuulipia.

Deni la mto

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ikakamilika, megawati 2,115. Nchi iliyozoea mgao sasa ina umeme mwingi kuliko inavyoweza kuutumia kwa siku ya kawaida, na msongo wa kilovoti 400 unajengwa kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma ili kuiunganisha na Zambia. Ruaha Mkuu huchangia takriban sehemu moja ya saba ya maji ya Rufiji. Mengi zaidi hutoka Kilombero, nayo hulishwa kwa sehemu kubwa na milima hii hii ya kusini.

Wingi huu ni nafasi ya kusahihisha mpangilio wa zamani. TANESCO hulipa ada ya matumizi ya maji kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Lakini ada hiyo haionekani kwa mnunuzi wa tokeni, wala mkulima wa Chimala haioni kwenye mfereji wake. Tozo ya REA imethibitisha kwamba uniti ya umeme inaweza kubeba wajibu wa kitaifa bila kumwangusha mteja. Njia hiyohiyo inaweza kutumika kwa vyanzo vya maji: sehemu ndogo ya bei, itajwe wazi kwenye risiti, irudi Usangu, Makete na Mufindi. Ijenge mabanio yanayofungika kiangazi ili mto usikauke, itunze misitu ya Kipengere, iwalipe fidia ya haki waliohamishwa kwa ajili ya Ihefu, na ivuke kijiji hadi kitongoji cha mwisho.

Kwa zaidi ya miaka 30 mkulima wa Usangu amesikia kwamba maji anayoyatumia ni umeme wa mtu mwingine. Kuna ukweli ndani ya kauli hiyo, na ndiyo maana anastahili kuhesabiwa kuwa mshirika wa kituo cha Kidatu, mwenye haki ya kukaa mezani maji yanapogawanywa na bei inapopangwa. EWURA huitisha mikutano ya wadau kila bei inapotaka kubadilishwa. Mkutano ujao ufanyike pia Chimala.